Samaki nao husomewa? Binti wa mvuvi na fardhi tuliyoisahau pwani

Kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Tanga hufanyika baada ya swala ya Isha, na ni nadra kuvuka saa nne za usiku. Mambo tunayoyazungumza wasomaji wetu wanayajua, kwani ni yaleyale ya kila msikiti: bomba la kutilia udhu linalovuja, bili ya umeme, posho za walimu wa madrasa, mikeka iliyochakaa. Mwezi uliopita tulitoka saa sita kasorobo. Kilichotuchelewesha ni barua moja ya kurasa mbili, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, ikiomba msaada wa ada kutoka katika mfuko wa elimu ambao waumini huuchangia kila Ijumaa.

Mwombaji ni binti wa mmoja wa waumini wetu, mvuvi wa jarife tangu ujana wake. Amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa Kemia, Biolojia na Jiografia, akafaulu, na akachaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea sayansi ya uvuvi na uhifadhi wa viumbe vya majini. Mkopo aliopangiwa haukufikia mahitaji yote. Kilichopungua ndicho alichotuomba.

Mzee mmoja wa kamati, ambaye sote tunamheshimu kwa umri wake na kwa kheri zake, aliisikiliza barua hadi mwisho, akavua miwani, akauliza: "Hivi samaki nao husomewa?" Tulicheka, naye akacheka, lakini hakuwa akitania. Mjumbe mwingine akaliweka swali kwa namna nzito zaidi. Fedha hizi, alisema, ni sadaka za watu, wengi wao wachuuzi na wavuvi. Tukimsomesha daktari tutamwona hospitalini, tukimsomesha mwalimu tutamwona darasani. Aliyesomea samaki na wanyama wa porini atawafaa nini Waislamu?

Tukamwita baba mtu, aliyekuwa barazani akingoja. Tulidhani angemtetea bintiye. Hakumtetea. "Ustadh," alisema, "barua hii sikuiandika mimi, kaiandika mwenyewe na mama yake. Babu yake alijua bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi tu. Atafundishwa nini na watu wasiojua kushika kasia? Na akishafundishwa, si atarudi na sare kuja kunichomea wavu wangu?"

Hapo kikao kilinyamaza. Hofu ya baba huyu si ya kuchekwa. Mvuvi wa pwani yetu, anaposikia neno uhifadhi, haoni kitabu wala maabara; anaona boti ya doria, faini, na moshi wa nyavu zinazoungua ufukweni. Kwake yeye elimu hiyo ina upande, na upande huo si wake.

Kabla ya kueleza tulichoamua, hatuna budi kukiri jambo moja. Miaka minne iliyopita ombi linalofanana na hili lilifika mezani petu, la kijana wa kiume aliyechaguliwa kusomea usimamizi wa wanyamapori. Tulilikataa kwa muda usiofika dakika kumi. Barua ya kukataa tuliiandika sisi wenyewe, na nakala yake imo katika jalada: tulisema kwamba mfuko hutoa kipaumbele kwa fani zenye manufaa kwa umma wa Kiislamu. Kijana yule alikosa nafasi yake. Leo anaendesha bodaboda, na kila Ijumaa hutusalimia kwa adabu kana kwamba hatukumfanyia lolote. Jalada lilipofunguliwa usiku ule, na barua ile ikasomwa kwa sauti, hapakuwa na aliyetaka kuirudia. Tukaahirisha uamuzi kwa wiki mbili, na tukapewa sisi kazi ya kwenda kuuliza ni nini hasa kinachosomwa.

Tukiri pia kwamba sisi tunaoandika haya ni wahitimu wa chuo cha Kiislamu, na Biolojia tuliiaga kidato cha nne bila majonzi. Tulianzia dikoni kwa afisa uvuvi mmoja kijana. Hakutueleza mengi kwa maneno. Alichukua kichwa cha changu kilichokuwa kimetupwa, akakipasua kwa kisu, akatoa humo kijiwe cheupe kidogo kuliko ukucha. Kijiwe hicho, alisema, huota ndani ya sikio la samaki tangu angali mchanga, nacho hujiongezea tabaka juu ya tabaka, kama mti uongezavyo pete. Kikikatwa, kikasuguliwa hadi kuwa chembamba, kisha kikatazamwa kwa hadubini, umri wa samaki huhesabika.

Kutoka katika kijiwe hicho hutoka mengi. Ukijua umri na urefu wa samaki mia kadhaa wa aina moja, na ukawapasua kuona ni yupi ana mayai na ni yupi hana, utaweza kusema kwamba aina hii huzaa kwa mara ya kwanza ikifikia urefu fulani, na kwamba wavu wenye tundu la kiasi fulani humnasa kabla hajafika hapo. Kumbe amri ya ukubwa wa tundu la wavu, ambayo wavuvi wetu huiona kuwa ni ukorofi wa serikali, ina kijiwe kama hiki nyuma yake. Au inapaswa kuwa nacho. Na penye amri isiyo na kijiwe, ni nani wa kuihoji ikiwa watoto wa wavuvi hawakusoma?

Tulijifunza pia habari za chewa. Wengi wa jamii hiyo huanza maisha wakiwa majike, na wakishakuwa wakubwa baadhi yao hugeuka madume. Mvuvi anayewaondoa wakubwa wote katika mwamba mmoja hakuwapunguza tu; huenda amewaacha majike bila madume. Pweza naye jike hutaga mara moja tu katika uhai wake, hukaa pangoni akiyalinda mayai bila kula, kisha hufa. Lakini mtoto wa pweza hukua upesi mno, na kwa sababu hiyo vipo vijiji katika visiwa vya Unguja na Pemba ambavyo hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, kisha huifungua kwa siku iliyotangazwa, wanawake na wanaume wakashuka pamoja. Pweza aliyeachwa miezi mitatu si yule uliyemwacha.

Sehemu kubwa ya masomo haya, tofauti na tulivyodhani, ni hesabu. Ngalawa kumi zikileta kilo mia leo, na baada ya miaka mitatu zikahitajika ngalawa ishirini kuleta kilo zilezile mia, samaki sokoni hawakupungua na mchuuzi hatashtuka. Bahari lakini imeshasema. Mwanafunzi hufundishwa kuisikia kauli hiyo mapema, kwa takwimu, kabla haijasikika kwa njaa. Hufundishwa vilevile makosa ya waliotangulia. Katika Ziwa Viktoria sangara alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960 kwa nia ya kuongeza kitoweo na biashara. Biashara ilikuja kweli, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wasiopatikana penginepo duniani, zikatoweka.

Basi tukarudi kwenye vitabu vyetu, ambako tulijiona tuko nyumbani zaidi, na huko nako tukakuta tulikuwa tumepita juu juu.

Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ameeleza katika mlango wa elimu wa Ihyaa kwamba tiba na hesabu ni fardhi kifaya, na kwamba elimu ambayo mji hauwezi kusimama bila ya kuwa nayo, wakaazi wote hupata dhambi wakikosa wa kuisimamia. Akalalamika kwamba katika miji ya zama zake watu walisongamana katika kusomea ikhtilafu za fiqhi, hali miji ile haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja. Tuliposoma maneno hayo chuoni tuliyahesabu kuwa ni habari za Baghdad. Leo twauliza: mji wa pwani, ambao kitoweo chake, mahari ya vijana wake na ada ya madrasa yake vyatoka baharini, je, elimu ya bahari si katika zile ambazo mji hausimami bila ya kuwa nazo? Na ni wangapi katika mtaa wetu wameisomea? Tuliwahesabu. Hatukupata hata mmoja.

Wanyama wa nchi kavu nao wana nafasi yao katika sharia, na si nafasi ya pembeni. Katika Suratul Maida, aya ya 94 hadi ya 96, mawindo yametajwa kuwa ni mtihani kwa waumini. Aliye katika ihramu amekatazwa kuua windo la nchi kavu, na akiliua kwa makusudi hulipa mnyama wa kufugwa anayelingana na aliyemuua, kwa hukumu ya watu wawili waadilifu. Maulamaa wakataja kwamba mbuni hulingana na ngamia, punda mwitu na ng'ombe, swala na mbuzi. Sasa mtu ajiulize: waadilifu wawili hawa watahukumu vipi ulinganifu wa mnyama wasiyemjua umbo, uzito wala tabia? Uadilifu peke yake hapo hautoshi. Sheikh Ad-Damiri wa Misri, faqihi wa madhehebu yetu ya Shafi, alitunga kitabu kizima cha wanyama, Hayatul Hayawan, akaeleza chini ya jina la kila mnyama maumbile yake, na pia hukumu yake. Hakuona kwamba anaacha fiqhi anapomweleza fisi.

Na hifadhi yenyewe si jambo lililoletwa na wageni juzi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliitenga An-Naqii karibu na Madina kuwa malisho yaliyohifadhiwa, na sayyidna Umar akatenga Ar-Rabadha na nyinginezo. Mawindo ya haram ya Madina hayawindwi hadi leo. Jina la maeneo hayo kwa Kiarabu ni hima. Ajabu ni kwamba tulifanya mtihani wa kueleza hima, tukafaulu, na haikutupitikia kuwa jirani yetu mwenye sare ya kijani anafanya kazi ya hima.

Lakini aya zilizotukalisha zaidi ni zile za Suratul A'raf, kuanzia ya 163, zinazosimulia mji uliokuwa kando ya bahari. Wakaazi wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na samaki wakawa wanawajia siku hiyohiyo wakielea waziwazi, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wameeleza hila zao: walitega nyavu na kuchimba vidimbwi kabla ya siku yenyewe, wakaja kuwachukua samaki baada yake, wakasema hatukuvua siku tuliyokatazwa. Sabato ile ni sharia yao, si yetu. Hila lakini tunaijua sote. Ni ya yule anayekubali katika mkutano wa kijiji kuufunga mwamba, kisha akashuka usiku na karabai. Katika kisa hicho lipo pia kundi la tatu, ambalo halikuvua wala halikukataza, bali liliwauliza waliokuwa wakikataza: kwa nini mnajisumbua kuwaonya watu hawa? Kamati yetu, tukisema kweli, imekaa miaka mingi katika kundi hilo.

Sisi watu wa Tanga hatuna haja ya kuelezwa habari za baruti. Yuko katika mtaa wetu mtu mwenye mkono mmoja, na kila mtoto anajua kwa nini. Kwa miaka mingi mlio wa baruti ulikuwa ukisikika kutoka baharini hata watu wakiwa katika swala ya Adhuhuri, na mazungumzo ya barazani yakaishia kwenye swali moja: samaki aliyekufa kwa baruti analiwa? Jibu la kifiqhi ni jepesi, kwani maiti ya bahari ni halali kwetu kwa hadithi iliyo mashuhuri. Kwa wepesi huo watu wakalala. Halali ya samaki haiihalalishi njia. Baruti moja huua aliyekusudiwa na asiyekusudiwa, mkubwa na kifaranga, na huuvunja mwamba wenyewe, nao mwamba ni viumbe hai: matumbawe ya duara huongezeka kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka. Umri wa mzee wetu aliyevua miwani ni kama upana wa tumbawe moja la kadiri. Kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana tunaihifadhi kwa moyo, hatukuipeleka dikoni.

Waliopeleka ni ndugu zetu wa Pemba, ng'ambo ya mkondo tu kutoka hapa. Magharibi ya Pemba kipo kisiwa kidogo cha Misali. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo, akaomba msala wa kuswalia, usipatikane, akasema basi kisiwa hiki kitakuwa ndio msala wangu. Na kweli kwa umbo lake kimeelekea kibla. Kasa hutaga katika fukwe zake na wavuvi wa vijiji vingi huyategemea maji yake. Mwaka 1998 kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Sheria ilikuwapo na doria ilikuwapo, na bado wako waliovua kwa njia haramu. Mwaka uliofuata ikafanyika semina, ikiongozwa na taasisi ya Kiislamu ya mazingira yenye makao yake Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, pamoja na masheikh, maimamu na wavuvi wenyewe. Hoja zilitolewa katika Qur'ani: uangalizi wa mwanadamu juu ya ardhi, amana, uharibifu wa nchi kavu na baharini unaotajwa katika Suratur Rum aya ya 41. Habari ya Misali imeandikwa na wengi tangu wakati huo, na kilichowagusa waandishi ni kwamba mvuvi aliyeidharau karatasi ya serikali hakuweza kuidharau aya.

Hata hivyo tusijidanganye. Aya ilimzuia mvuvi. Haikumwambia sheikh kasa wanataga miezi gani, wala mwamba upi umechoka na upi bado una nguvu. Hayo yalitoka kwa waliosoma. Penye mmoja bila mwenziwe kazi hulala upande.

Wanyamapori tutawapitia kwa ufupi, si kwa sababu ni wadogo bali kwa sababu hatukai nao. Hesabu za tembo wa Tanzania zilionesha takribani 109,000 mwaka 2009, na takribani 43,000 mwaka 2014. Ni miaka mitano tu, na pembe zile zilipita katika bandari za pwani yetu, ambako sisi ndio wapakizi, madereva na mawakala. Kijana tuliyemkatalia angekuwa amehitimu sasa.

Wazazi hutuuliza mambo mengine, na ni haki yao. Mwanafunzi wa wanyamapori hushika mbwa mwitu na ngiri. Itakuwaje twahara yake? Kwa madhehebu yetu, kavu kwa kavu hakuna najisi inayohamia. Palipo na unyevu huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo, na udongo porini haukosekani. Swala katika safari za mafunzo huenda kwa ruhusa ya kupunguza na kukusanya kwa masharti yake. Na binti je, atakwendaje baharini na wanaume? Hapa tuliuliza kwa makini zaidi. Safari za mafunzo hufanywa kwa makundi, mchana, chini ya walimu, na sitara haimzuii mtu kupima samaki; dada zetu wa pwani wanalima mwani na kuokota chaza na pweza wakiwa na mitandio yao, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, Dkt. Narriman Jiddawi ametumia miaka mingi katika utafiti wa uvuvi na katika kufanya kazi pamoja na wanawake wa vijiji vya pwani. Mtafiti mwanamume angeingia wapi katika mazungumzo ya wanawake wanaorudi mwambani? Binti anayejua kazi hii anafika mahali ambapo sisi hatuwezi kufika.

Kwa atakaye kumwelekeza mwanawe huko, njia ni nyingi kuliko tulivyodhani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada za sayansi ya majini na uvuvi pamoja na wanyamapori, na taasisi yake ya bahari iliyoko Unguja ilianzishwa mwaka 1978. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha usimamizi wa wanyamapori na ufugaji wa viumbe vya majini. Mweka, katika miteremko ya Kilimanjaro, ni chuo cha wanyamapori tangu mwaka 1963. Aliyeishia kidato cha nne asikate tamaa: wakala wa elimu ya uvuvi una kampasi Mbegani, Bagamoyo, na Nyegezi, Mwanza, kwa ngazi za cheti na stashahada, na kwa wanyamapori kipo chuo cha Pasiansi, Mwanza. Msingi wa yote ni Biolojia, na Kemia au Jiografia ubavuni mwake. Masharti ya kila mwaka yatazamwe katika mwongozo wa TCU, yasiulizwe kijiweni. Ajira serikalini si nyingi, na hatutaki kumdanganya mzazi. Lakini mabwawa ya samaki, mwani na majongoo bahari yanahitaji wajuzi, na Zanzibar tangu mwaka 2020 imekuwa na wizara kamili ya uchumi wa buluu na uvuvi.

Tulikaa tena baada ya wiki mbili. Palikuwa na hoja ya mwisho, kwamba fedha za zaka zina mafungu manane na haijulikani hili linaingia lipi. Mweka hazina akafungua daftari akaonesha kwamba mfuko wetu ni wa sadaka tupu, zaka haimo, na mjadala huo tukauacha kwa walio wajuzi kuliko sisi. Mzee wetu akaomba aelezwe tena habari ya kijiwe cha sikio. Akaelezwa. Akasema "Subhanallah," akanyamaza kidogo, kisha akainua mkono wa kwanza kukubali.

Baba wa binti aliitwa kama mara ya kwanza. Tulimweleza habari ya chewa, kwamba wakubwa wao ndio madume. Alikaa kimya, akihesabu jambo fulani moyoni. "Sasa ndiyo maana," alisema, akataja mwamba mmoja ambao zamani babake alikuwa akivua chewa na sasa haupitwi na mtu. Kisha akaongeza: "Bahari naijua kwa kuiendea, lakini hili sikuwahi kuambiwa. Na aende. Sharti langu ni moja. Likizo ya kwanza arudi, nimtie katika chombo changu, anioneshe hicho kijiwe katika samaki wangu mwenyewe, si wa kitabuni. Na kuhusu wavu, yeye akiniambia tundu ni dogo, atanieleza kwa nini. Si kuchoma tu."

Tumeidhinisha pengo la ada la mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili na wa tatu hatujui bado utatoka wapi. Yule kijana wa bodaboda tumemwandikia barua nyingine, safari hii ya kumwomba radhi na kumuuliza kama bado ana nia, hata kwa stashahada. Alikuja mwenyewe kuijibu, baada ya swala ya Ijumaa, kofia ya pikipiki ikiwa mkononi. "Nina mke na mtoto sasa, Ustadh," alisema. "Nipeni muda nifikiri." Hatujasikia neno lake tangu siku hiyo, wala hatujamharakisha.

Sanduku la mfuko lipo palepale, kushoto kwa mlango wa kuingilia wanaume. Upande wa akina mama tumeweka jingine wiki hii, kwa ombi la mama wa yule binti.